Kinywa-Asali na Ramani za Chai

Kinywa-Asali aliingia maktaba kukimbia mvua tu. Elimu haikuwamo safarini mwake. Humo akakuta watu wamejaa hadi kwenye ngazi, mwalimu mmoja akiwaeleza habari za ramani za kale. Walipotoka macho yaling'aa, na bwana mmoja mwenye tai alisikika akisema, "Ningeuza hata gari nipate moja ya kutundika sebuleni."

Tapeli akisikia hivyo, njaa humshika papo hapo. Akaenda mbio kwa shemeji yake, mchora vibao vya maduka.

"Shemeji, unaweza kuchora dunia?"

"Yote?"

"Yote, ila iwe na makosa. Wa kale hawakuijua vizuri."

"Makosa ndiyo fani yangu," alijibu shemeji, ambaye juzi tu alimwandikia mwoka mikate kibao: *Mikasa Moto Kila Asubuhi*.

Wakachora, wakalowesha karatasi kwenye sufuria ya chai ya rangi, wakazianika kwenye kamba kama nepi. Jumamosi mchana ukumbi ulio juu ya duka la samani ukafurika. Kinywa-Asali alipanda jukwaani na miwani isiyo na vioo.

"Ndugu zangu! Mchoraji wa kale aliketi bandarini akiwasikiliza mabaharia. Huyu anaapa kuna kisiwa, yule anaapa hakuna. Pale walipoishiwa maneno wote, akachora samaki mwenye meno. Kwa nini? Kwa sababu aibu ya kutojua ni pana kuliko bahari!"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mbona hapa kusini iko juu?"

Shemeji akajificha nyuma ya pazia.

"Juu ni mazoea tu, mzee wangu. Wapo wa kale walioweka kusini juu, na hakuna aliyedondoka."

Hilo lilikuwa kweli. Alilisikia kule maktaba. Kusema kweli mchana kweupe kulimkera kidogo, lakini ramani ziligombaniwa zikaisha, na mfuko ukavimba.

Watu walipotawanyika, mama mmoja wa makamo akamsogelea akifuta machozi.

"Mwanangu, umenigusa. Marehemu babu aliacha ramani ya ngozi, na wanangu wanataka kuitupa. Anayezipenda ndiye anayestahili. Nipe chochote kilichomo mfukoni."

Akaikunjua. Bahari, simba, joka lililojikunja pembeni! Kinywa-Asali aliijua karatasi ya chai, lakini hii ilikuwa ngozi, tena inanuka mbuzi halisi. Akamkabidhi mfuko mzima kabla mama hajabadili mawazo. Mama akambariki, kisha akateremka ngazi kwa kasi isiyolingana na umri wake.

Nyumbani, shemeji aliigeuza ngozi. Ukingoni ilizungukwa na matundu ya kamba, kama ngozi ya ngoma. Mgongoni paliandikwa: *Mali ya bendi. Irudishwe baada ya harusi.*

"Shemeji," akanong'ona, akionyesha kidole kilichogeuka buluu, "bahari haijakauka."

Kinywa-Asali akakodoa macho. Akafungua mdomo kutukana, kikatoka kicheko. Akacheka hadi akakaa sakafuni, akigonga goti. "Mama yule! Na machozi juu!"

"Sasa tufanye nini?"

Wakaiwamba ngozi juu ya ndoo, wakaikaza kwa kamba, Kinywa-Asali akaipiga kiganja. Ndu! Ikalia vizuri ajabu. Akapiga tena, shemeji akaanza kukata kiuno, na kabla wimbo haujakolea jirani akabisha hodi kuuliza ni nani anayeoa.