Nilivyokata Koili ya Jiko la Mama

Jumatatu, 5 Februari

Jumamosi jioni ni zamu ya mama. Sherine, karamu ya zamu! Wanawake wanane waliosoma darasa moja, wote wa mtaa huu, kila mwezi wanakula kwa mmoja wao na kukagua mapazia yake. Mwezi uliopita ilikuwa kwa Shangazi Gulbara. Boorsok zake, vidonge vya unga vya kukaanga, zilijaa meza nzima, za moto, zimevimba kama mashavu. Wakati wa kuagana alimwambia mama mbele ya wote kwamba kwetu watakuja na makoti na hawatayavua, kwa baridi ya nyumba yetu. Mama alicheka. Alipofika nyumbani alilia huku akimenya viazi.

Jiko letu la umeme halichemshi mafuta. Mama anasema limezeeka. Boorsok mbichi mbele ya Gulbara! Afadhali tuuhame mji huu wa Naryn.

Lakini mimi najua fizikia. Naijua kimyakimya. Shuleni ni Kirusi, nyumbani Kikirigizi, na nikiitwa ubaoni lugha zote mbili hutoroka. Adilet, mwana wa Gulbara, hukaa mbele yangu. Huyo hajawahi kutorokwa na neno.

Jumanne, 6 Februari

Nimeazima kipimaji cha umeme cha shule. Yaani nimekificha ndani ya buti. Nitamwomba mwalimu ruhusa nikipata sauti.

Asubuhi, jiko likiwaka: volti 220, ampea 5. Volti gawanya kwa ampea, ukinzani ni omu 44. Volti mara ampea, nguvu ni wati 1,100. Jiko zima kabisa! Mama amezaa mhandisi.

Jioni nimejaribu kukaanga kidonge kimoja. Kimelala ndani ya mafuta kama ng'ombe mtoni, kikayanywa yote. Nimepima tena. Volti 160! Mtaa una nyumba chache na laini moja ya umeme, na kila nyumba imewasha hita. Ukinzani wa koili ni uleule, kwa hiyo mkondo umeshuka hadi ampea 3.6. Nguvu: wati 580. Tunapikia nusu jiko! Jiko halijazeeka. Ni majirani.

Jumatano, 7 Februari

Mpango wa kwanza: kuwaomba majirani wazime hita Jumamosi. Nimefika kwenye geti la kwanza. Mbwa amenitazama. Nimerudi.

Mpango wa pili, wa kutisha kwa uzuri. Nikitaka wati 1,100 kutoka volti 160, nahitaji karibu ampea 7. Volti 160 gawanya kwa 7: omu 23. Sasa koili ni waya tu. Waya mfupi, ukinzani mdogo. Nikiukata karibu katikati...

Adilet amekuja. Mama yake anauliza, kwa huruma, kama tungependa kuazima jiko lao. Ameona hesabu yangu mezani, akasema nimekosea, kitabu kinasema umeme wa nyumbani ni volti 220. Nilikuwa na jibu zuri sana. Limefika akiwa ameshafunga geti.

Alhamisi, 8 Februari

Nimekata! Mama alikuwa sokoni. Nilichomoa plagi kwanza, mimi si kichaa.

Kisha hesabu ya fyuzi, kwa sababu mimi ni mtu makini. Jiko ampea 7, samova ya umeme ya chai 5, hita yetu 3. Jumla 15. Fyuzi ni ya 16. Imebaki ampea nzima! Ya nini zaidi?

Jioni kidonge kimeruka, kimevimba, kimegeuka chenyewe. Mama akasema jiko limepata nafuu. Sijamwambia kwamba limefanyiwa upasuaji.

Jumamosi, 10 Februari

Ushindi!

Wageni saba wamefika, Gulbara amekaa na koti lake. Boorsok zinatoka tamu, za dhahabu. Halafu koili ikatoka kwenye nyekundu ikawa ya rangi ya machungwa. Vidonge vikawa vinaiva kabla mama hajageuza kijiko. Samova ikaanza kunguruma. Hita nayo. Gulbara akavua koti. Akavua sweta! Akamuuliza mama kama ametuita kula au kuoga mvuke.

Nikakimbilia kipimaji. Volti 220! Nikaelewa. Hakuna mwanamke wa mtaa huu anayeacha hita ikiwaka kwenye nyumba tupu. Saba wamezima, wakaja kwetu! Nikapiga hesabu upya: jiko karibu 10, samova 7, hita 4. Jumla 21. Fyuzi 16. Nikafungua mdomo nimwambie mama azime samova. Nilifika kwenye "Ma".

Giza.

Nikafikiria kuhama Naryn peke yangu. Kisha sauti ya Gulbara:

"Mwenzangu, boorsok zimebaki?"

"Beseni zima," mama akasema.

"Basi taa ya nini? Mdomo naujua ulipo."

Walikula gizani, wakaimba, wakasimuliana mambo ya shule ambayo sikupaswa kusikia. Nyumba ilibaki na joto hadi mwisho. Gulbara aliondoka akiwa amebeba koti mkononi!

Jumapili, 11 Februari

Nimemwambia mama kila kitu. Amekichukua kipande cha koili, akakiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, kisha akampigia Gulbara simu kujigamba.

Saa nne, hodi. Gulbara, jiko kwapani. Anataka lake likatwe pia. Nyuma yake wengine wawili, na majiko yao. Mchana ukumbi wetu ulikuwa na majiko saba na mimi nina mkasi!

Adilet akaja akachuchumaa kando yangu. Safari hii hakutaja kitabu. Alisema mtaa mzima ukipunguza ukinzani, mkondo utaongezeka kwenye laini ileile, na jioni volti zitashuka chini ya 160, pengine hata 120. Tutarudi palepale.

Nikamtazama. Maneno yakaja, lugha zote mbili kwa pamoja, yamejipanga mstari.

"Zikishuka," nikamwambia, "nitakata tena."