Sanduku Lisilo na Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Mganga mkuu katangaza: hospitali yetu inataka msimamizi wa kompyuta, na atamteua Ijumaa kutoka humu humu ndani. Nani zaidi yangu? Mimi ndiye karani wa mapokezi, kompyuta iko mbele ya pua yangu kutwa nzima. Ila mfamasia, yule ninayemwita Mjuzi, tayari anatembea kabenua kifua. Mama mkwe naye kalazwa hapa hapa, atapasuliwa moyo Alhamisi. Mke wangu kanikumbusha kuwa mama yake hajawahi kunisifu. Nikipata cheo atanisifu, apende asipende.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Mganga mkuu analia na gharama za umeme, basi nitamwonyesha unakopotelea. Nimekagua hospitali nzima. Kompyuta za mezani: zina watu. Za mapajani, za madaktari: zina watu. Kishikwambi cha muuguzi hakimtoki mkononi. Kisha, nyuma ya maabara, nikamkuta mvivu wao. Sanduku jeusi. Halina kioo, halina kibodi, wala kiti mbele yake. Linavuma peke yake, na limewashiwa kiyoyozi kama bwana harusi! Nimemuuliza kila mtu kama analitumia. Kila mtu kasema hajaligusa. Kesho nalizima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni msitu.

Jumatano, 5 Machi
Nililizima asubuhi, nikarudi mezani napiga mluzi. Haukufika mbali. Majina ya wagonjwa yalitoweka kwenye kioo changu. Famasi wakasema hawaoni dawa ya mtu yeyote. Maabara vivyo hivyo. Foleni ikatoka hadi nje. Mjuzi akasema ni kirusi. Nikamuunga mkono kwa mara ya kwanza maishani, hata nikamsaidia kukitafuta.

Ndipo akaja daktari wa upasuaji. Akasema picha za moyo wa mama mkwe hazifunguki, na bila picha hampasui, na moyo ule si wa kungoja. Nikakimbilia kile chumba cha sanduku. Mlangoni wamesimama mganga mkuu na Mjuzi, wanamsubiri fundi wa kompyuta, hawataki mtu aingie. Mke wangu akanishika mkono, akaniambia mimi ndiye mtu wa kompyuta, nimwokoe mama yake. Sijawahi kuogopa namna ile.

Fundi alifika jioni. Hakufungua hata begi, alibonyeza kitufe kimoja tu. Akatueleza kuwa sanduku lile ndilo seva, kila kitu kimetunzwa humo, zetu za mezani ni madirisha ya kuchungulia. Akasema si kila kompyuta ina kioo na mtu mbele yake. Nyingine zimo ndani ya mizani, ndani ya lifti, ndani ya mashine za wodini, na kuna watu wanapumua kwa msaada wake. Alisema yote hayo akinitazama mimi. Kisha akanirudishia kimya kimya kikombe changu cha chai, nilichokisahau juu ya sanduku. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 6 Machi
Upasuaji. Tumekaa kwenye benchi, mimi na mke wangu. Kila mlango ukifunguka tunasimama. Hatimaye daktari katoka, kasema mama mzima. Nimelia mbele za watu, sijali. Nimeapa sitagusa tena kitu nisichokijua.

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kapewa Mjuzi. Eti kwa kulinda mlango! Sikubali. Naandika barua ya kupinga sasa hivi, kwenye simu, nikiwa kando ya kitanda cha mama mkwe. Mke wangu kaenda kupumzika, kaniachia mgonjwa. Mama mkwe kanishika mkono, kasema kumbe mkwe wake ni mtu wa maana. Nimeisubiri sentensi hiyo tangu harusi.

Simu inaishiwa chaji na barua bado. Tundu la umeme ni moja tu, na limekaliwa na kijisanduku kinacholia pii, pii, chenye mrija. Hakina kibodi. Hakuna mtu mbele yake. Sikutaka kukurupuka, nimejifunza. Nimemuuliza kwanza mama mkwe kama anakitumia. Kasema hajakigusa hata mara moja.

Basi. Waya wa simu ninao mfukoni.