Nitatembea Nyuma ya Bendera

Jumatatu, 5 Juni

Mazoezi ya bastola, uwanja wa kijiji. Risasi zangu zimekwenda kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Housi, mwalimu wetu, akasema nikiendelea hivi ng'ombe wa bonde la pili itabidi wahamishwe. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mwaka huu si kama mingine. Jumapili, kwenye gwaride, Regula wangu atabeba bendera ya chama chetu cha shabaha. Msichana wa kwanza hapa kwetu. Na desturi ni desturi: wanaotembea nyuma ya bendera ni waliopata beji ya shabaha Jumamosi. Wengine hubaki kibandani kuchoma soseji. Miaka yote mimi ni wa soseji. Mwanangu apite na bendera, mimi nipo kwenye moshi? Siwezi.

Jirani yangu Klara, ambaye kofia yake imejaa beji mpaka inalala upande, kanipa pole. Eti lakini kwa soseji, shoga, hakuna anayekufikia. Nimemjibu asante. Moyoni nimemjibu mengine.

Jumanne, 6 Juni

Nimegundua. Tatizo ni mkono. Bastola inanichezea kiganjani. Housi anasema niishike kama kifaranga: asitoroke, asife. Maneno ya mtu asiyefuga kuku. Nikapaka viganja lami ya msonobari, ile ambayo Köbi, mume wangu, huwapaka ng'ombe kwatoni.

Bastola haikucheza tena. Haikutoka pia. Risasi zimekwisha, wenzangu wako kwenye bia, mimi nimesimama na bastola mkononi kama sanamu ya vita. Housi akahakikisha ni tupu, kisha akanibandua kwa siagi, kidole baada ya kidole. Klara alishika sahani. Akauliza kama alete na mkate.

Alhamisi, 8 Juni

Si mkono. Ni macho. Ujana umenipita bila kuaga. Nimevaa miwani ya Köbi ya kuendeshea gari. Ajabu tupu. Shabaha naiona kama iko mezani. Kulikuwa na nzi juu yake, nikamwona anavyonawa mikono. Ukungu ulikuwa kwenye bastola yangu tu, nikaudharau. Nikamkazia nzi macho, nikafyatua.

Risasi zimeingia shabaha ya Klara. Moja katikati kabisa. Klara akasema Mungu anizidishie, leo yeye amepumzika.

Regula alinifuata jikoni. Alinieleza polepole, kama mimi nilivyomfundisha kufunga viatu. Mama, jicho halikai kwenye shabaha. Linakaa kwenye kile kinundu cha mbele cha bastola. Kinundu ukione vizuri, shabaha iache na ukungu wake. Nikamuuliza, mwanangu, nani anapiga kitu asichokiona? Akanibusu kwenye paji, akaenda kupiga pasi sare yake.

Nimeamua. Jumamosi naenda na miwani ileile ya Köbi. Shida ilikuwa nzi.

Jumamosi, 10 Juni

Nimejiharibia mwenyewe. Ndivyo nilivyodhani pale mstarini. Kwa haraka na woga nilikuwa nimeokota miwani mezani bila kuitazama. Kuvaa, kumbe ni ya mama mkwe, ya kuchezea karata. Shabaha imeyeyuka kama jibini kwenye sufuria. Nilichoona ni mikono yangu na kile kinundu, kimechongoka kama ncha ya sindano.

Machozi yalikuwa karibu. Housi kashatoa amri. Nikasema basi, soseji zinaningoja. Mikono ikalegea yenyewe, ikabaki kushika tu, haikukaba. Nikaweka kinundu katikati ya ule ukungu, nikavuta kifyatulio taratibu, bila hamu. Tena. Na tena.

Housi akasoma matokeo. Akasoma upya, kisha akavua kofia. Beji! Klara, mwenye yake tayari, alinikumbatia mpaka miguu ikaelea, ananiuliza mganga wangu anakaa wapi.

Jumapili, 11 Juni

Nimetembea. Safu ya kwanza, bega kwa bega na Klara. Regula mbele yetu, mgongo umenyooka, upepo unamfunika kwa bendera naye hatikisiki. Kwenye kona ya kanisa aligeuka akanitazama kidogo tu, jambo ambalo mbeba bendera haruhusiwi. Nimelia hadharani. Klara kanipa leso, kisha akaihitaji yeye. Köbi ndiye aliyebaki kibandani. Kaunguza kila kitu, anapunga mkono katikati ya moshi.

Mezani Regula akaninong'oneza: si unaona, mama, ni kile kinundu. Nikamwitikia ndiyo, mwanangu. Siku yake kubwa, kwa nini nimvunje moyo?

Lakini mimi si mjinga. Kama nimepata beji bila kuona kitu, nikiona itakuwaje? Kesho asubuhi naenda mjini kwa fundi miwani. Anipe yenye kuvuta mbali kuliko zote alizonazo. Mwaka ujao Klara ajiandae.