Saa Mama ya Kampuni ya Mazishi

Jumatatu, 24 Machi
Nimechelewa tena! Ña Obdulia, bosi wetu hapa kampuni ya mazishi, kasema nikichelewa mara moja zaidi nirudi kwa mama yangu mjini Luque nikauze chipa, mikate yake ya jibini. Mbele ya Zunilda! Mwenzangu huyo wa kompyuta anafyonza tereré, chai yetu ya baridi, macho yanacheka. Haya. Seva zetu za Linux zinachukua saa kutoka seva moja, saa mama. Na anayeitunza saa mama ni nani? Mimi.

Jumanne, 25 Machi
Nimerudisha saa mama nyuma nusu saa. Seva zikafuata kama vifaranga. Mashine ya mahudhurio ikaandika nimewahi! Akili zangu hizi, hata mimi naziogopa. Seva ya Zunilda tu, inayopokea taarifa za vifo, imekataa. Yenyewe inachukua saa kutoka setilaiti. Kiburi kama cha mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi
Balaa. Mjane wa Don Aparicio kaja na ujumbe tuliomtumia kwenye simu: kwa saa zilizoandikwa, jeneza limetoka stoo kabla mumewe hajakata roho. Kauliza tulijuaje. Hata kikombe cha tereré kikaacha kuzunguka. Zunilda kaninong'oneza kwamba ni saa yangu hiyo, bwana, niirekebishe. Nikamwambia wivu utamuua.

Alhamisi, 27 Machi
Kwenye seva ya majeneza, oda mpya. Eladio Ovelar. Jina langu! Kimo changu. Tarehe: kesho, Ijumaa. Nikacheka. Nikaacha kucheka. Nikamshtaki Zunilda kwa mzaha wa kijinga. Akapauka, akaapa kwa Bikira Maria wa Caacupé kwamba hata kimo changu hakijui. Kasema nirudishe saa sawa, huenda oda ikajifuta. Naogopa, sifichi. Lakini nikirekebisha, Ña Obdulia ataona nilivyochelewa! Nimepata bora zaidi. Saa mama isipofika Ijumaa, Ijumaa itanipatia wapi? Nimeirudisha nyuma siku nzima.

Alhamisi, 27 Machi (tena)
Mtaani wanasema ni Ijumaa. Shauri yao. Mashine imeandika nimewahi mno. Zunilda akinipita anajipiga ishara ya msalaba. Mara dereva wa gari la maiti, simjui huyu, kasimama mezani kwangu, kanipima kwa macho toka utosini hadi viatuni, kauliza kwa upole kama niko tayari. Nikamwonyesha saa kwenye kompyuta: bado Alhamisi, rafiki yangu. Kaitazama sana. Kaomba radhi, kasema atasubiri nje, hana haraka. Injini hajaizima, naisikia. Nimemshinda! Kesho nairudisha tena.