Seli za Mbuzi na Kipande cha Godoro Langu

Jumatatu, 2 Juni 2025. Mbeya.

Baridi kali. Nimefika maabara saa moja na dakika hamsini. Tusajigwe amefika saa moja na arobaini na nane. Nimeandika.

Dk. Shobha ametuita sisi wahudumu wawili. Tawi la Iringa linafunguliwa Julai. Nafasi ni moja, ajira ya kudumu. Ambaye hatachaguliwa, mkataba wake unaisha tarehe thelathini. Jina atalitaja Ijumaa ya wiki ijayo. Tusajigwe akasema ahsante, Daktari. Mimi nikasema ahsante sana, Daktari.

Tatizo: mama yangu kule Kalenga, karibu na Iringa mjini, ameshatangaza kanisani kwamba narudi nyumbani mwezi wa saba. Nilimwambia mimi, mwezi wa nne, kabla nafasi yenyewe haijatajwa. Nilikuwa na uhakika. Kwaya imeanza mazoezi. Haiwezekani nisirudi.

Jumanne, 3 Juni.

Daktari ametueleza kazi upya. Amekulia Iringa mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na hueleza mambo kama anayekunjua kitenge mbele ya mteja: taratibu, pindo baada ya pindo. Seli shina tunazozikuza, zilizotoka kwenye uboho wa mbuzi, bado hazijaamua zitakuwa nini. Hazina macho wala masikio. Zinapapasa sakafu zinayoikalia. Sakafu ikiwa ngumu, zinaelekea kuwa mfupa. Ikiwa laini, zinaelekea kuwa mafuta. Chakula kilekile, joto lilelile.

Nimefikiri mchana kutwa. Mtu naye ni nini? Ni seli, tena nyingi!

Mpango Na. 1. Nimekata kipande cha godoro langu, sentimita arobaini kwa arobaini, nikakivalisha kitambaa. Kesho kitakuwa kwenye stuli ya Tusajigwe. Alegee. Kwenye tundu la godoro nimeweka ubao. Nitalala hapo. Mfupa.

Jumatano, 4 Juni.

Mto umepokelewa. Tusajigwe alikaribia kulia. Alisema tangu aje kutoka Tukuyu hakuna mtu humu aliyewahi kuufikiria mgongo wake, na kwamba mama yangu amelea.

Matokeo si mazuri. Sasa hanyanyuki! Amekaa kwenye hadubini saa tatu mfululizo, anachora seli moja moja kwenye daftari. Daktari alisimama nyuma yake muda mrefu, ameridhika kabisa. Mimi nilikaa dakika kumi na moja. Mgongo ulikataa, kwa sababu ya ubao.

Alhamisi, 5 Juni.

Visahani vipya vya kukuzia seli havijafika, mzigo umekwama njiani. Tunaosha vya zamani. Kanuni iko ukutani: sifongo laini tu. Visahani vya Tusajigwe vinang'aa kama havijawahi kutumika.

Mpango Na. 2. Stiliwaya. Visahani sita, misuguo arobaini kila kimoja, upande mmoja tu, kutoka kifuani kwangu kwenda dirishani. Nikaloweka kwenye spiriti, nikaviweka chini ya taa ya kuua vijidudu nusu saa. Plastiki imepata ukungu kidogo, haing'ai. Naamini utatoka. Seli zimepandwa saa nane na dakika tano.

Jumatatu, 9 Juni.

Janga.

Nimechungulia kabla ya wengine. Seli za Tusajigwe zimelala ovyo, kila moja na upande wake, kama watu mnadani. Ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Zangu zimejipanga! Nyembamba, ndefu, mstari nyuma ya mstari, kama wanafunzi paredi, zote zinatazama dirishani. Stiliwaya imekwaruza plastiki, na seli zimefuata mikwaruzo. Visahani vyote sita. Zimebaki siku nne.

Mpango Na. 3. Herufi zetu zimeandikwa kwenye vifuniko, E yangu na T ya Tusajigwe. Saa saba na robo Tusajigwe alikwenda kula. Nimevihamisha vifuniko: vyake kwangu, vyangu kwake. Sekunde tisini. Cha nne kilinitoka mkononi, kikazunguka mezani, nikasikia viatu kwenye korido. Vilipita.

Samahani, Tusajigwe. Lakini mama ameshatangaza.

Jumanne, 10 Juni.

Daktari ameweka kisahani cha T chini ya hadubini. Akazungusha lenzi. Akaweka cha pili. Akarudi kwenye cha kwanza. Nilikuwa nimeshika beseni tupu, sijui kwa nini.

Kisha akamwita Tusajigwe, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amehangaika miezi minane kuzifanya seli zilale upande mmoja, kama zinavyolala kwenye kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Zimekataa. Leo zimekubali, kwenye plastiki kuukuu. Akauliza ilifanyikaje. Tusajigwe akasema hajui, ameosha kama siku zote. Daktari akasema mwenye kujua aseme kabla ya Ijumaa, maana kazi ya Iringa ndiyo hiyo: kuirudia.

Kisha akatazama visahani vya E. Akasema ni vya kawaida. Vya kawaida! Vimeoshwa na Tusajigwe, halafu wa kawaida ni mimi.

Jumatano, 11 Juni.

Nimekwenda ofisini kwa Daktari. Nikasema ni mimi, kwa stiliwaya. Akasema Tusajigwe naye ameshagundua mikwaruzo, jana jioni, baada ya kukaa kwenye hadubini saa mbili (juu ya godoro langu!). Kwa hiyo kuijua njia sasa si ushahidi. Anataka maneno yaliyoandikwa siku ile ile. Je, ninayo?

Nikasema ninayo.

Ulimi huu! Nilichonacho ni shajara hii. Misuguo imo, upande umo, dakika zimo. Mto nao umo. Vifuniko navyo vimo. Kuchana ukurasa haiwezekani, kumbukumbu iliyochanwa haikubaliki. Kunakili upya haiwezekani, wino mbichi anautambua. Sijala.

Alhamisi, 12 Juni.

Suluhisho lilikuwa ukutani muda wote! Kanuni ya saba: kosa katika kumbukumbu halifutwi wala halifunikwi. Linapigwa mstari mmoja ulionyooka, maneno ya chini yabaki yanasomeka, sahihi na tarehe pembeni.

Nimechukua rula. Nimepiga mstari kwenye mto, kwenye ubao, kwenye vifuniko, kwenye samahani. Sahihi kumi na saba. Hakuna mstari hata mmoja uliopinda. Naikabidhi saa tisa. Sijawahi kukabidhi kazi nadhifu namna hii.

Ijumaa, 13 Juni.

Imerudishwa.

Daktari aliisoma yote, kuanzia mwanzo, Tusajigwe akiwa ameketi pembeni. Nilisimama. Alipofika tarehe tisa alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akasema, "Ezekia, mstari mmoja, chini panasomeka. Umefuata kanuni kuliko mtu yeyote humu."

Nikasema ahsante sana, Daktari.

Akasema kumbukumbu ya tarehe tano ni bora kuliko zote alizopata mwaka huu. Mtu yeyote anaweza kuishika na kuirudia kazi. Nikatabasamu. Akasema ndiyo maana amempa Tusajigwe nakala, akairudie Iringa.

Nikauliza, na mimi?

"Iringa namhitaji mtu ninayeweza kumwachia vifuniko," akasema.

Mimi nimeongezewa miezi mitatu. Hapahapa Mbeya. Kusugua visahani, misuguo arobaini, kuelekea dirishani. Tusajigwe atakuwa ananipigia simu kunieleza idadi ikibadilika.

Tulipotoka nilimngoja Tusajigwe anitukane. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu. "Kaka Ezekia, kweli unalala kwenye ubao, na baridi hii?" Akataka kunirudishia mto. Nikakataa. Akasema basi atasafiri nao.

Jumamosi, 14 Juni.

Nimelichambua kosa langu kwa utaratibu, kwenye karatasi, safu mbili. Si vifuniko. Si shajara. Ni kiti. Daktari anakalia mbao tupu miaka yote hii, na jana ametoa uamuzi wa mfupa. Nani asingeliona hilo? Wakati anasoma nilikadiria kiti chake kwa macho: arobaini na mbili kwa arobaini.

Nimempigia mama. Nimemwambia ni mwezi wa kumi, bila shaka yoyote. Amesema atatangaza kesho ibadani.

Nimeshakata. Godoro limebaki nusu. Linatosha.