Makaburi Mapya ya Watu wa Zamani

Mbumbuni,
12 Septemba 1974

Kwa Mzee Musyoka,
Mwenyekiti, Kamati ya Kugawa Mashamba.

Mzee wetu,

Nakusalimu kwa heshima na natumaini mguu umepata nafuu. Ulitangaza barazani kwamba ardhi yenye kaburi la babu ya mtu ni ya mtu huyo. Tangu siku hiyo jirani yangu Ndululu amefiwa sana. Malalamiko yangu yanahusu kisima cha mkuyuni, kilicho mpakani mwetu:

1. Mwezi wa sita palikuwa na kaburi moja pale, la nyanya yake, nami nalijua kwa sababu nilisaidia kulichimba. Leo ni saba. Sijaona ukoo unaokufa kwa bidii namna hiyo, tena watu wa zamani. Juu ya hayo sita mapya hakuna nyasi hata kidogo.

2. Kaburi la tano lina msalaba na mwaka 1871. Babu huyo aliokoka kabla injili haijatufikia. Mimi ni shemasi na namwonea wivu.

3. Ndululu anasema mtu wa ukoo mwingine akichota kwa debe, mizimu itakasirika na maji yatakimbia. Mke wangu Nzilani amechota kwa debe miaka kumi na tisa. Aliyekasirika ni Ndululu. Maji yangali pale.

4. Kama wafu hawa ndio wenye shamba, mbona Jumamosi hawaji kwenye kazi ya kijiji ya kuchimba matuta na sisi wengine? Naomba waandikwe kwenye orodha, na wasipokuja waitwe mbele ya chifu.

Mzee, hapa nasema bila mzaha. Kisima kingine kiko maili nne, na mgongo wa Nzilani hauwezi tena. Inaniuma kuona mtu akimnyima jirani maji kwa marundo ya mawe. Naomba kamati isihesabu kaburi lolote lisilo na nyasi.

Wasalimie wanakamati wote, na mama Nthenya hapo nyumbani, na hata Ndululu ukimwona, pamoja na marehemu wake wapya.

Ni mimi mtiifu wako,
Jonah Mutie

Nyongeza: Tafadhali mpima ardhi asije kabla ya mvua za Novemba. Babu zangu wanne wamelala upande wa pili wa kisima, na nyasi nilizopanda juu yao bado hazijashika.