Wezi wa Majibu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuandika. Siku mambo haya yakifika polisi sitaki kusimama pale nikikuna kichwa. Mimi ni Wanjira, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha huku Satellite, Nairobi. Nilifika darasa la tatu, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Jana kanisani mchungaji alitangaza kuna kikundi cha kujitolea kinachokusanya vitabu vya shule na maktaba za Sudan Kusini, ambako vita vimechoma hata madawati. Lori litaondoka Ijumaa, kabla mvua haijafunga barabara. Akaomba vitabu, akaomba na akina mama wa kuvipanga.

Vitabu nilitoa. Nilipita mlango kwa mlango kwa wapangaji wangu, na aliyesema hana kitabu nilimwuliza watoto wake husoma nini, ukuta? Sebule ikajaa katoni.

Kazi pia nimejitolea. Si kwa upole. Anayekusanya vitu vya bure kwa niaba ya watu walio mbali, wasioweza kuja kuuliza, huyo anahitaji mlinzi.

Kwa hivyo leo nimeshuka mjini. Stoo iko nyuma ya duka la pampu za maji, Kirinyaga Road. Mwenye duka ni Mzee Gurcharan, Mhindi. Mkubwa wa kikundi ni shemeji yake, Balbir, mwalimu mstaafu anayekaa Loresho. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe, miguuni viatu vya kukimbilia. Mtu wa umri ule anakimbia nini? Nimeandika hilo.

Nikapewa kazi ya kufunga katoni kwa kamba. Mimi! Nyawira, ambaye tuko naye kanisani, akapelekwa chumba cha ndani kwa sababu ana miwani na alionja sekondari. Vitabu vya hesabu na Kiingereza vinaingia chumba kile. Vya hadithi haviingii. Mlango unafungwa. Saa ya chai Nyawira akatoka na vumbi jeusi kifuani. Nikamwuliza huko ndani wanafanya nini. Akasema wanasafisha vitabu.

Vitabu vyangu nilivipanguza mwenyewe. Kuna jambo.

Jumanne, 4 Machi

Nimewashika.

Nilibeba birika la chai nikausukuma mlango kwa kiuno. Meza ndefu, akina mama wameinama, kila mmoja na raba mkononi. Wanafuta! Vitabu vile vina mistari ya kujazia, na watoto wa wapangaji wangu walijaza kwa penseli mwaka mzima, kwa machozi mengine niliyoyasikia kupitia ukutani. Hawa wanafuta yote. Lile vumbi jeusi ni majibu. Nyawira alikuwa amebeba masomo ya wenyewe kifuani.

Nikauliza kwa adabu kwa nini. Balbir akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, ati mwanafunzi anatakiwa kufikiri mwenyewe, na kitabu kilichokwisha kujazwa hakina kazi. Nikatikisa kichwa kama nimekubali. Kichwa tu.

Mimi si mjinga. Kitabu chenye majibu ni chungu chenye githeri. Kisicho na majibu ni chungu. Mtoto amekimbia risasi, amelala porini, kisha unampelekea maswali?

Na majibu yanaenda wapi? Nyawira kaniambia mwenyewe kwamba Balbir ana mjukuu, Gurjit, ambaye anafanya mtihani mwaka huu. Ndiyo hiyo. Kabla ya kufuta wanayasoma. Nimeyaona macho yao yakitembea. Halafu majibu yanapanda gari hadi Loresho ndani ya kichwa, mahali ambapo askari hawezi kupekua.

Nikamnong'oneza Nyawira kwa Kikuyu kwamba huyu mwenye mvi ni mwizi wa mikono safi. Balbir hakuinua hata uso. Akajibu kwa Kikuyu, tena Kikuyu cha Karatina, kizito kuliko cha wajukuu wangu, kwamba mikono haiko safi, nitazame, akanyanyua viganja vyeusi tititi. Kumbe baba yake alikuwa na duka Karatina na yeye alikulia kaunta. Akina mama wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mtu kujificha ndani ya lugha yako namna hiyo. Nalo nimeliandika.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Rahisi. Bila raba hakuna kufuta.

Nilifika wa kwanza. Nikazoa raba zote mezani, nikazitia kwenye kiondo, juu yake nikaweka sukuma wiki. Nikakaa na kamba zangu nikiimba wimbo wa kanisa.

Wakatafuta. Wakainama chini ya meza. Nyawira akasema labda ni panya. Nikasema panya wa mjini ni wabaya sana.

Nilidhani watarudi nyumbani. Balbir akatoa mkate kwenye mkoba, akanyofoa nyama ya ndani, akaifinyanga kidonge, akaanza kufuta nayo. Mkate! Ati ndivyo walivyofanya zamani shuleni raba zilipoisha. Na unafuta, ole wangu, unafuta vizuri.

Lakini aliyeniua ni Nyawira. Alivua ndara yake moja, akaomba kisu, akakata kipande cha soli, akakitemea mate kidogo, akafuta ukurasa ukawa mweupe kama mapaja ya kuku. Wakampigia makofi. Wote wakavua ndara. Mzee Gurcharan akaja kuchungulia, akakuta akina mama watu wazima miguu mitupu wakisugua vitabu kwa viatu. Akarudi dukani bila kuuliza.

Jioni nimerudi nyumbani na kiondo cha raba nisizozihitaji. Zinanuka sukuma.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili. Huu nimeuota, na ndoto zangu hazipotei.

Penseli inafutika. Wino haufutiki.

Asubuhi nilimwendea Balbir na uso wa maziwa. Nikamwambia vitabu vya kwenda safari ndefu lazima vijalidiwe, na mimi nimejalidi vitabu vya watoto na wajukuu kwa magazeti na karatasi za khaki tangu nikiwa na meno yote. Anipe katoni za hesabu ambazo hazijafutwa nikazijalidi nyumbani. Za kufuta tutafuta kesho. Akafurahi. Akanishika mkono akasema alikuwa na wasiwasi kuwa sipendi kazi. Kidogo nimhurumie.

Musili, dereva wa kikundi, akanileta kwa pikapu hadi Satellite pamoja na katoni. Njiani akaniambia, shosho, hizi hesabu za darasa la nne ndizo zinazongojwa zaidi, kuna mwalimu amesafiri kutoka Yei, huko Sudan Kusini, kuzichukua mwenyewe. Nikamwambia aendeshe gari.

Nilifunga mlango. Nikachukua kalamu za wino. Nikakaa mezani na kuanza kupitia kila jibu, juu ya penseli, taratibu, bila kuruka. Mgongo umevunjika. Vidole vimekuwa vya buluu. Lakini sasa raba haiwezi, mkate hauwezi, hata ndara ya Nyawira haiwezi.

Niliandika yote. Mtoto mmoja ameandika pembeni kwamba Mwalimu Kiragu ni punda. Nikapitisha wino, maana si kazi yangu kuchagua ukweli. Mwingine amechora gari. Nikalichora likapendeza kuliko mwanzo. Nikaona pia mikasi myekundu, zile alama za kosa, karibu kila ukurasa. Walimu wa huku wana wivu, hawapendi mtoto wa mwenzao apate. Mimi namwamini mtoto.

Kujalidi sikupata nafasi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya lori. Nilivaa gauni la Pasaka.

Mwalimu wa Yei alikuwepo. Anaitwa Lado. Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata. Akaniamkia kwa mikono miwili akaniita haboba, ati kwao ndiyo nyanya. Nikamtazama vizuri. Mtu mwenye adabu nyingi hivyo anataka kitu. Alitaka vitabu.

Wakati wanapakia akatusimulia. Shule yake ilichomwa. Wakahamia kanisani, na tangu hapo anafundisha hesabu kutoka kichwani, anaandika kwa mkaa ukutani, mvua ikinyesha somo linaosheka. Watoto wanamwuliza kila siku vitabu vitafika lini. Amewaahidi. Alipotoka walimsindikiza hadi barabarani wakiimba jedwali la saba.

Akafungua katoni yangu. Akachukua kitabu, akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Akachukua cha pili. Musili akaacha kupakia. Mimi nilijinyoosha gauni, nikingoja.

Balbir akakichukua kile kitabu. Akalowesha kidole akasugua. Wino ukakaa pale pale. Akaketi juu ya katoni kama mtu aliyepewa habari za msiba. Akaniuliza kwa Kikuyu, pole pole, kama ni mimi. Nikasema ni mimi, na kwamba mtu mwenye njaa hapelekewi chungu kitupu. Nikasema na la Gurjit na mtihani, mbele ya wote, maana siogopi.

Balbir akasema mjukuu wake anasomea udaktari wa meno. Mtihani wake hauna kugawanya mahindi kwenye debe.

Lado akachuchumaa mbele yangu.

"Haboba, kitabu kimoja kwetu wanakisoma watoto kumi. Wa kwanza akikuta jibu limeandikwa, hawa wengine watafanya nini?"

Nikamwambia watapumzika. Wameteseka.

"Wamepumzika miaka miwili," akasema. "Wanataka kazi."

Nikapangusa macho. Ilikuwa ni jua, lilikuwa kali pale nje.

Ndipo Nyawira, na miwani yake, akaona vizuri ajiingize. Akasema kwa sauti kwamba majibu yenyewe karibu yote ni makosa, na kwamba hapa saba mara nane imekuwa kumi na tano. Nikamwuliza kama alikuwepo ilipofanywa.

Katoni zangu zikashushwa kutoka kwenye lori. Lado alizitazama zikishuka moja moja. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililonichoma, maana nimezoea kugombana na watu wanaojibu. Balbir akasema lori litangoja hadi Jumatatu, hata mvua ije, na kila mtu aende akatafute hesabu za darasa la nne popote Nairobi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafuta. Nani aseme sikutafuta. Nimebisha kwa wapangaji wote mara ya pili na wamenifungia mlango, ati vitabu vyote nilivichukua. Hiyo ndiyo sauti ya kumjibu mwenye nyumba?

Nimeketi uani. Nikamwona kwa macho ya moyo yule mwalimu akirudi kwao mikono mitupu na wale watoto wamesimama barabarani. Nikaimwaga chai.

Saa saba nikafika stoo bila kitu. Nyawira alikuwa ameshafika. Amekuja na mkokoteni! Alizunguka Kawangware yote, akaenda hadi kwa wauza vitabu kuukuu, akawalilia. Hesabu za darasa la nne, zimejazwa kwa penseli, zinangoja kufutwa. Lado alikuwa anacheka na kuzipapasa kama mbuzi waliozaa.

Nimefurahi kwa ajili ya watoto. Naandika hivyo ili ijulikane. Lakini vitabu hivyo vilikuwa wapi wiki nzima? Mtu hapati mkokoteni mzima asubuhi moja. Nyawira alikuwa amevificha, akingoja nianguke.

Nikachukua raba. Ndiyo, zile zangu, nikasema panya amezirudisha. Hakuna aliyecheka isipokuwa Balbir. Nikafuta nao mpaka jioni. Nafuta vizuri kuliko Nyawira, bila mate.

Na vile vitabu vyangu vya wino? Lado ameviomba. Anavipeleka kwa walimu, ati vitawasaidia kuona watoto hukosea wapi. Sikilizeni hapo. Vya Nyawira vinaenda kwa watoto. Vyangu vinaenda kwa walimu. Nani basi ametoa vitabu vya maana?

Jumapili, 9 Machi

Balbir amenipa nafasi nyingine. Amenipa katoni ya hadithi za maktaba ya Yei nizijalidi nyumbani, maana hadithi hazina majibu. Kwanza alipekua kiondo akatoa kalamu zote. Ile iliyokuwa ndani ya kilemba hakuiona. Mwalimu mzima.

Lori linaondoka kesho alfajiri. Baada ya kanisa nimejalidi kwa khaki, kona zimekaa sawa, kazi safi. Nikaona si vibaya kusoma kimoja, nijue tunawapelekea nini watoto wa watu.

Ni hadithi ya nyanya mmoja ambaye kuku wake amepotea. Anamshuku jirani. Anamfuata, anamchungulia, anawaambia watu wa soko. Mwanamke mwenye akili. Nilisoma kwa furaha mpaka karibu na mwisho, na huko mwisho ati kuku anapatikana kichakani ameatamia mayai, jirani hakuwa na kosa, nyanya analia na kuomba msamaha mbele ya kijiji kizima.

Nimerudia kusoma mara nyingi. Haiwezekani. Kuku haendi kichakani peke yake. Ameatamia mayai ya nani, na kichaka kiko karibu na boma la nani? Hawasemi. Hapa pana mkono wa mtu. Mwisho wa kweli umefutwa, safi kabisa, kwa mkate labda, na huu ukawekwa mahali pake ili watoto wa Yei wafundishwe kuwaamini majirani.

Nimetoa kalamu kilembani. Nimeukata ule mwisho kwa mistari miwili, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa kwamba jirani ndiye aliyempeleka kuku kichakani na nyanya alikuwa amesema tangu mwanzo.

Bado vitabu vingine. Kaindi, mpangaji wangu wa chumba cha mwisho, ameniletea taa.